Alama ya Mpaka Tuliyoila na Bukari

Vijana wenzangu wa ofisi ya ardhi, siku ya kuniaga mlinipa kalamu ya wino yenye kifuniko cha kung'aa. Nilicheka. Mtu aliyechora ramani maisha yake yote hapewi kalamu ili apumzike. Nimeelewa mnachotaka, basi naandika. Vyeo vyangu vimo kwenye dosye, lile faili la ofisi, mishahara yetu mnaijua, na yote mawili hayana hadithi. Nitawaambia jinsi nilivyofundishwa kazi, na kosa moja nililolifanya kwa mkono wangu, ambalo nusura limtoe Mama Chola katika nyumba yake.

Mimi Ngoie ni mtoto wa reli. Baba yangu alitoka kaskazini ya Katanga kuja kufanya kazi ya reli, akapata nyumba Kamalondo, mtaa wa Waafrika hapa Lubumbashi, na kila Jumapili tulikwenda misa ya kwanza tumepangwa kwa urefu. Nyumba ile ilikuwa na kitabu kidogo cha kijivu alichopewa Baba wakati wa Wabelgiji. Alikitunza ndani ya kitambaa pamoja na rozari ya nyanya yangu, na alituambia kwamba hicho ndicho kiwanja chenyewe. Siku yangu ya kwanza kazini, miaka michache baada ya mji kuacha jina lake la Kizungu, mkubwa wa ofisi alinipa kitabu kama kile nijifunze kunakili. Nikakisoma. Kilisema kwamba mwenye nacho ameruhusiwa kukaa pale. Kukaa tu. Ardhi haikutajwa popote.

Jioni nilimwambia Baba. Alikuwa anakula, na hakuacha kula.

"Sasa hii miaka yote nilikuwa paka mugeni, mugeni tu?" aliuliza.

"Kitabu inasema vile, baba."

"Basi kitabu haiyue kama nilipanda avoka." Alimaanisha kitabu hakijui mwavokado wake uliosimama uani.

Mkubwa wa ofisi hakutazama diploma yangu, alitazama vidole vyangu. Nilikuwa mwanamke wa kwanza katika chumba cha kuchora, na nadhani alitaka kujua kama vitatetemeka. Tulichora kwa wino mweusi juu ya kalki, ile karatasi inayopitisha mwanga. Ukikosea mstari unaukwangua kwa wembe, polepole, umeshika pumzi. Ukizidisha, kalki inatoboka na kazi ya wiki imekwenda. Mwezi wa kwanza nilitoboa tatu. Mkubwa alizibandika ukutani juu ya meza yangu, zikakaa huko mpaka alipohamishwa.

Nyuma ya chumba kulikuwa na kabati la chuma tulilolirithi. Ndani yake kulikuwa na mji wa Wazungu, kiwanja kwa kiwanja, umepimwa mpaka sentimita, hata miti ya jacaranda imehesabiwa. Kamalondo ilikuwa na karatasi chache tu. Ukivuka ukingo wa mji, ramani ilibaki nyeupe, na katikati ya weupe huo yaliandikwa maneno mawili ya Kifaransa, terrains vacants, yaani ardhi tupu.

Siku ile nilipoitandaza mezani ramani hiyo, aliingia Mzee Mwape. Alikuwa mshika mnyororo, mtu wa hapa hapa, wa zile familia zilizokuwapo kabla shimo la kwanza la shaba halijachimbwa. Alikuwa amevuta mnyororo wa kupimia tangu enzi za Wabelgiji. Alivaa kofia ya kitambaa iliyokuwa na rangi zamani, alinusa tumbaku, na hakupenda kupigiwa kelele. Kwenye karatasi za ofisi hakuruhusiwa kugusa theodoliti, ile darubini ya kupimia pembe, lakini alikuwa anaisimamisha ikakaa sawa kabla mimi sijamaliza kufungua sanduku. Aliniuliza yale maneno mawili yanasema nini. Nikamtafsiria. Akacheka mpaka tumbaku ikamwagika.

"Nkambo wangu alikuwa anakaa mule mule ndani ya hii maneno mbili," alisema. "Na mbuzi yake." Nkambo ni babu au nyanya.

Tangu siku hiyo nilimfuata. Mkubwa alikubali niende porini kwa sababu wapimaji walikuwa wachache, na pengine kwa sababu kalki nazo zilikuwa chache. Serikali ya wakati ule ilikuwa imekataza wanawake kuvaa suruali, kwa hiyo nilipima nusu ya mji huu nikiwa na liputa, kitenge cha kujifunga kiunoni. Ninyi mnaolalamikia miba mkiwa na suruali ya jinzi na viatu vya ngozi, nawasikia. Mwape alitembea mbele akiangusha majani marefu kwa fimbo yake ya kupimia, yenye rangi nyekundu na nyeupe, na kila akikuta miba aliita tu, "Ngoie, liputa!"

Wakati wa kula ndipo alipofundisha. Siku moja tumekaa juu ya sanduku la theodoliti, nikamwuliza kabla ya mnyororo watu wa kwao walipimaje.

"Hatukuwa tunapima. Tulikuwa tunakula."

Nilidhani ananitania. Akaeleza kwamba mgeni alipoomba mahali pa kulima, mwenye ardhi alikwenda naye kwa miguu, pamoja na majirani wote, kutoka pembe hadi pembe. Katika pembe ya mwisho mke wa mgeni alipika, na wote wakala palepale, kutoka chungu kimoja.

"Wenye balikula, ni bale njo bashahidi," alisema, yaani waliokula ndio mashahidi. "Muntu akikula na weye kwa mupaka, kesho hawezi kusema haiyue mupaka. Tumbo yake iko inayua."

Nilimwambia kwamba kwenye ofisi yetu mambo hayo yanaitwa proses-verbal, yaani hati ya makubaliano, na yanahitaji nakala nne. Akasema nakala nne hazishibishi mtu.

Kisha ikaja sheria ya ardhi, ile ya mwaka wa sabini na tatu. Ardhi yote ikawa ya serikali, juu na chini. Vyeti vya milele vya Wazungu vikaisha nguvu, na watu wa Kamalondo na Katuba wakaambiwa kwamba sasa wanaweza kuomba hati kwa majina yao. Vijana, hamjawahi kuona furaha kama ile kwenye korido yetu. Walikuja asubuhi na vitabu vyao vya kijivu vimefungwa kwenye vitambaa, mama zetu wamevaa liputa za sikukuu, wanakaa kwenye ngazi na kubadilishana karanga. Kulikuwa na mzee mmoja wa Katuba aliyekuja kwa hasira kulalamika kwamba kiwanja chake kimeandikwa kwa jina la mtu mwingine. Tulitafuta nusu siku. Mtu mwingine alikuwa yeye mwenyewe, maana alikuwa ameacha jina la ubatizo kama tulivyoamriwa sote, akasahau kutuambia. Tulipokwenda kupima Kamalondo, watu walifagia pembe za viwanja vyao, kana kwamba mita zingekuwa nyingi zaidi mahali pasafi. Baba yangu alifagia na chini ya mwavokado. Nilipomshikisha hati yake aliisoma mstari kwa mstari, akaniuliza mti umeandikwa wapi. Ilibidi niuongeze kwenye mchoro, na sioni aibu kuwaambia kwamba nililia nikiuchora.

Kuhusu ardhi za watu wa vijijini, sheria ilisema kwamba amri maalumu itakuja kueleza haki zao. Nimestaafu, bado naingoja.

Wakati amri inangojewa, tulitumwa kuandika ni nani anayelima nini kandokando ya mji. Ndivyo nilivyofika kwa Mama Chola, ng'ambo ya Golf, mtaa wa wenye vyeo, pale majumba makubwa yalipoishia na mahindi kuanza. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti iliyofika mtoni kabla yake. Shamba alipewa na mjomba wake, kaka ya mama yake, kama ilivyo desturi ya watu wa huku, na mjomba alipewa kwa kutembea na kwa kula. Alituzungusha kwenye pembe zote. Tatu zilikuwa rahisi, mbili mtoni na moja kwenye njia ya zamani. Ya nne ilikuwa kichuguu kirefu kuliko nyumba, vile vichuguu vyetu vya mchwa ambavyo mgeni wa Katanga hudhani ni vilima.

Desturi ya kazi ilitaka tuweke jiwe la mpaka la saruji kila pembe, lile tunaloliita borne. Saruji ilikuwa imekwisha mjini mwezi ule. Theodoliti ilikuwa kwenye matengenezo. Wingu lilikuwa linakuja, na dereva wa lori alikuwa anapiga honi.

"Ngoie, hesabu hatua toka kwa njia mpaka ku kiulu," Mwape aliniambia. Kiulu ndicho kichuguu kwa lugha yao.

"Mzee, hii kintu iko hapa tangu zamani za bankambo. Itaenda wapi?"

Nikaandika kwenye dosye: pembe ya nne, kichuguu kikubwa. Nikapanda lori. Mwape alinitazama kwa muda, akanusa tumbaku, akapanda nyuma.

Mtu wa Lubumbashi yeyote angenicheka, na mimi mwenyewe nilikulia ndani ya nyumba ya matofali. Matofali hutoka wapi? Udongo wa kichuguu ndio bora kuliko wote, kila fundi anajua. Niliandika mpaka wa mtu kwenye kitu ambacho mji mzima hukivunja ili kujengea nyumba.

Ilipita miaka minane hivi. Asubuhi moja ikawekwa mezani kwangu ombi la citoyen mmoja wa Golf, yaani mwananchi, kama tulivyoamriwa kuitana wakati ule, mkubwa katika kampuni, aliyetaka kupewa ardhi iliyopakana na villa yake, mpaka pembe ya nne ya Mama Chola. Mchoro wake ulikuwa safi, na ulikuwa umefuata dosye yangu neno kwa neno. Ulionyesha kichuguu kikubwa. Kutoka kwenye kichuguu hicho mstari ulishuka mtoni, na katikati ya njia ulipita ndani ya jiko la Mama Chola.

Nilikwenda na Mwape siku hiyohiyo. Kichuguu cha mchoro kilikuwepo, kikubwa kweli, ila hakikuwa chenyewe. Kilikuwa ndani sana ya shamba lake. Mahali ambapo cha kweli kilisimama palikuwa na mahindi matupu. Na Mama Chola alikuwa amejenga nyumba nzuri ya matofali mekundu, vyumba vitatu na baraza.

"Mama, kiulu ya pembe iko wapi?" nilimwuliza, ingawa nilikuwa nimeshaona.

Akapiga ukuta wa nyumba yake kwa kiganja. "Njo hii. Ilikuwa yangu, ningetosha bulongo wapi, kwa jirani?" Kutosha bulongo ni kutoa udongo.

Nilikaa chini kwenye baraza lake. Niliwaza kwamba watambomolea nyumba kwa sababu ya maneno mawili niliyoyaandika nikikimbia mvua, na nikakumbuka yale maneno mawili mengine ya Wabelgiji niliyoyacheka pamoja na Mwape. Nikamwambia Mama Chola ukweli wote, kwamba kosa ni langu. Hakunipigia kelele, na hilo lilinichoma zaidi.

"Utaitengeneza," alisema. "Weye si njo uliandika?"

Citoyen wa Golf hakuwa mtu mbaya. Nilipomweleza, alinisikiliza mpaka mwisho, amevaa abakosti yake, lile koti la wakubwa lisilo na tai, iliyopigwa pasi vizuri. Alisema yeye anafuata dosye ya serikali, na kwamba katika shamba la mahindi kila mtu anaweza kuonyesha popote na kusema kilikuwa hapa. Nilikuwa nafikiri vivyo hivyo. Bahati yangu ilikuwa kwamba sheria inataka tangazo libandikwe na muda wake utimie kabla ya watu kusikilizwa mahali penyewe. Nilibandika tangazo kwa gundi nyingi. Kisha nikamwuliza Mwape tufanye nini.

"Tungoje mvua."

"Halafu?"

"Halafu njo utaona. Mara hii usikimbie."

Mvua za kwanza zilinyesha vizuri mwaka ule. Asubuhi ya siku ya kusikilizwa, tulifika mapema na lori, na safari hii nilikuwa na mfuko wa saruji nilioununua mwenyewe na theodoliti isiyo na ugonjwa. Mama Chola alikuwa anatungoja njiani akicheza. Sisemi anatembea kwa furaha, nasema anacheza, na liputa yake imelowa mpaka magotini.

"Kuyeni muone! Inatoka! Inatoka yote!"

Katikati ya mahindi, mahali pa upana wa chumba, ardhi ilikuwa imejaa uyoga. Ule uyoga mkubwa mweupe, kofia pana kama sinia, unaoota mahali pamoja tu duniani, juu ya kiota cha mchwa. Waliochimba matofali walikuwa wameondoa kilima, lakini mchwa wenyewe walikuwa wamebaki chini na maisha yao, wakilima kama kawaida. Mwape alipiga magoti, akachimba kwa mkono kufuata mzizi mmoja mrefu, akatoa kipande cha kiota chenye mchwa wanaokimbia huku na huku. Akanipa kwenye kiganja. Sijawahi kupokea cheti kilichonifurahisha hivyo.

Nilichora mara hiyo hiyo. Nilipima kutoka njiani kwa mnyororo, na kutoka mtoni, na kwa hatua pia ili Mwape asinitazame vibaya. Majirani walikuja wakaweka majina yao. Na wakati mimi nimeinamia karatasi, harufu ikanifikia. Niligeuka. Mama Chola alikuwa ameshavuna zaidi ya nusu ya ushahidi, na sufuria ilikuwa juu ya moto, palepale pembeni.

"Mama! Citoyen hajaona bado!"

"Ataona mu sahani," alisema.

Citoyen wa Golf alifika na viatu vinavyong'aa, akavivua kwa sababu ya matope. Aliona uyoga uliobaki, akachuchumaa, akaushika mmoja kwa vidole viwili chini ya kofia. Uso wake ulibadilika.

"Bowa ya kiulu," alisema taratibu. Bowa ni uyoga. "Nkambo wangu alikuwa anauzisha hii, ku njia ya Katuba. Nilikuwa nabeba kitunga. Alikuwa anasema, fasi ilitoka mwaka huu, itatoka mwaka ujao, usisahau fasi." Fasi ni mahali, na kitunga ni kikapu.

"Kwa hiyo citoyen anakubali kama kiulu ilikuwa hapa?" nilimwuliza.

"Nitakataa bowa?"

Mama Chola alikuwa ameshatandika mkeka. Bukari, ugali wetu, lilikuwa jeupe, linatoa mvuke, na uyoga ulipikwa na karanga za kutwanga. Tukanawa. Citoyen alikunja mikono ya abakosti, akakaa chini kati ya Mwape na jirani, akamega. Alikula kama mtu aliyerudi nyumbani kutoka safari ndefu. Mwape alimtazama tonge la kwanza likipanda, likiingia, likishuka. Kisha akaniinamia sikioni.

"Amekwisha kula," alisema.

Nilicheka mpaka nikapaliwa, na hakuna aliyejua ninacheka nini. Baada ya chakula nilimpa citoyen proses-verbal, nakala nne. Alisaini zote bila kunawa mara ya pili. Nakala ya ofisi bado ina alama ya kidole chake cha gumba, ya mafuta ya karanga, pembeni ya sahihi. Msiisafishe. Alasiri tulichanganya saruji, na jiwe likazikwa katikati ya kiota, limejitokeza kiasi cha shibiri moja. Mama Chola alilimwagia maji ya kunawia, akasema sasa hata lenyewe limekula.

Mwape alistaafu baada ya hapo, na miaka michache baadaye tulimzika, kofia ile juu ya jeneza. Mimi niliendelea, na tangu siku ile kila kichuguu nilichokiandika kilikuwa na hatua, mita na majina ya watu.

Mwezi wangu wa mwisho kazini, mmoja wenu, simtaji lakini anajijua, alirudi kutoka ng'ambo ya Golf amechoka, akaweka karatasi mezani kwangu: shamba la Mama Chola, pembe ya nne, jiwe halionekani, huenda limeng'olewa. Aliomba nisaini ili litangazwe kuwa limepotea. Nilichukua fimbo ya Mwape iliyokuwa nyuma ya mlango, tukaenda pamoja. Mama Chola alikuwa barazani, mzee sasa, sauti ileile.

"Umekawia," alinipigia kelele. "Baliisha kuanza!" Yaani wamekwisha kuanza.

Jiwe halikuonekana kweli. Mahali pake pamesimama kichuguu kipya, chekundu, kinanifikia kiunoni na bado kinapanda. Mchwa wamejenga juu ya borne ya serikali, wameifunika pande zote. Kijana alikizunguka mara mbili akiwa na ramani mkononi, akaniuliza aandike nini.

Nikamwambia ahesabu kwanza hatua kutoka njiani, nami nikakaa na Mama Chola kumngoja. Sufuria ilikuwa tayari motoni.